Filta ya mkondo mzima na filta ya pembeni kwenye injini za magari ya zamani

Filta ya oili ya mkondo mzima hukaa kati ya pampu na beringi (vishikilio ambamo shafti ya injini huzunguka), hivyo oili yote inayosukumwa na pampu hulazimika kupita ndani yake kabla ya kufika kwenye kranki, yaani hiyo shafti inayozungushwa na pistoni. Filta ya pembeni huchota sehemu ndogo tu ya oili, kwa kawaida asilimia 10 au pungufu, ikaichuja taratibu na kuirudisha kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Oili iliyobaki huenda kwenye beringi na uchafu wake. Mwenye gari la zamani anayetaka kuboresha uchujaji aanze hapa, maana anayenunua filta mpya bila kujua oili yake inapita njia ipi anaweza kutumia pesa nyingi na injini ikabaki pale pale.

Chukulia pampu inayosukuma lita 20 kwa dakika kwenye injini yenye lita 4 za oili. Oili yote huzunguka mara 5 kila dakika. Ikiwa filta ya pembeni inapata asilimia 10, basi kipande kidogo cha chuma kilichomo kwenye oili kina nafasi 1 kati ya 10 ya kunaswa katika kila mzunguko. Baada ya mizunguko 10, yaani dakika 2, theluthi moja ya vipande hivyo bado inazunguka, na katika muda huo imekwisha kupita kwenye beringi mara kadhaa. Filta ya mkondo mzima ingekutana na kipande hicho kabla hakijagusa kranki.

Injini za zamani ziliwezaje kuishi hivyo? Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa hata na pampu ya oili, seuze filta. Flaiwili, gurudumu zito lililo mwishoni mwa kranki, ilirusha oili juu na bomba dogo likaipeleka mbele ya injini. Mwaka 1923 ndipo Ernest Sweetland na George Greenhalgh walipobuni filta waliyoiita Purolator, na kwa miongo kadhaa baadaye kampuni nyingi ziliuza magari ambayo filta yake ilikuwa ya pembeni, au kifaa cha ziada ambacho mnunuzi alikilipia akitaka. Beringi nazo zilisaidia. Zilikuwa za babiti, aloi laini ambayo chembe ya mchanga iliweza kuzama ndani yake na kukaa humo bila kuikwaruza sana kranki. Beringi nyembamba na ngumu zaidi zilizofuata, kwenye injini zinazozunguka kwa kasi kubwa, hazikuwa na uvumilivu huo.

Oili yenyewe pia imebadilika. Ile ya zamani isiyo na viambato vya kusafisha iliacha uchafu utulie chini ya sampu na kugeuka tope, na fundi aliukwangua injini ilipofunguliwa. Oili ya kisasa huubeba uchafu ukielea mpaka unaswe na filta au umwagwe. Hilo ni jambo zuri, lakini injini isiyo na filta inapotiwa oili hiyo lazima ibadilishwe oili mapema. Volkswagen Beetle ya injini inayopozwa kwa hewa ni mfano mzuri: ina lita 2.5 tu za oili na wavu wa chuma chini ya injini, na wavu huo huzuia vipande vikubwa tu. Ndiyo maana oili yake hubadilishwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi.

Kuna kazi mbili tofauti zinazoitwa kuboresha filta, na watu huzichanganya mno. Ya kwanza ni kuondoa kasha la zamani lenye elementi (kiini cha kuchujia) ya kubadilisha na kufunga adapta inayopokea filta ya kisasa ya kuzungusha kwa mkono. Kama injini tayari ni ya mkondo mzima, kama zilivyo injini nyingi za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960, oili itaendelea kupita njia ile ile. Unachopata ni usafi wakati wa kubadilisha, gasketi inayovuja kwa nadra, na mara nyingi valvu inayozuia oili isirudi kwenye sampu injini ikizimwa. Valvu hiyo naithamini sana, hasa filta ikilala ubavu au ikitazama chini, kwa sababu bila hiyo beringi hukaa kavu kwa sekunde kadhaa kila asubuhi.

Kazi ya pili ndiyo yenye uzito: kubadili njia ya oili. Kwenye Beetle hufanywa kwa kuziba tundu la kutokea pampu, kuitoa oili kupitia mfuniko wa pampu hadi kwenye filta ya mbali, kisha kuirudisha kwenye mfereji mkuu wa bloku (mwili wa injini) kupitia tundu lililotobolewa na kukatwa nyuzi. Hapa usalama unahitaji umakini. Valvu ya kupunguza presha ya Beetle iko ndani ya bloku, yaani baada ya filta, kwa hiyo oili nzito ya asubuhi inaweza kupasua hosi au kopo la filta ukikanyaga mafuta mapema. Mfuniko wa pampu wenye valvu yake mwenyewe una thamani kuliko filta ya bei kubwa.

Chevrolet V8 ya 1955, yenye ujazo wa lita 4.3, haina mahali pa filta ya mkondo mzima kwenye bloku. Kuanzia 1956 mahali hapo pakawepo. Mwenye injini ya mwaka ule wa kwanza ana uamuzi wa kufanya, na kwangu jibu linategemea matumizi. Gari linalotoka mara chache liache lilivyo na umwage oili mapema, kwa sababu bloku ikishatobolewa haiwezi kurudi ilivyokuwa. Gari la safari ndefu linastahili kubadilishiwa njia.

Kuna kosa moja la kuogopwa kuliko yote. Elementi ya filta ya pembeni imeshonana sana na hupitisha oili kidogo kidogo, kwa hiyo ukiifunga mahali pa mkondo mzima beringi zitakosa oili. Kinyume chake, filta ya pembeni hulindwa na tundu jembamba, la milimita moja na kidogo tu, linalopunguza oili inayoingia. Fundi akilitoa ili “oili ichujwe zaidi”, presha hushuka, na beringi ndizo zinazoumia.

Wala si lazima filta ya pembeni itupwe. Filta ya mkondo mzima hulazimika kuwa na matundu makubwa kiasi, mara nyingi ya kunasa chembe za mikroni 20 hadi 40 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ili oili yote ipite bila kukwama. Ya pembeni haina haraka, hivyo inaweza kunasa za mikroni chache, na hizo ndizo zinazolingana na unene wa utando wa oili kwenye beringi. Baadhi ya malori makubwa ya dizeli hutumia zote mbili, na gari la zamani lenye nafasi linaweza kufanya vivyo hivyo.

Ukimaliza, jaza filta oili kabla ya kuifunga kama inakaa wima, kisha izungushe injini bila kuiwasha mpaka geji ionyeshe presha. Linganisha presha ya injini ikiwa ya moto na ile uliyoiandika kabla ya kazi. Ikiwa imeshuka, tafuta sababu kwanza, hata kama ni kifundo kimoja cha hosi kilichobana kuliko inavyopaswa. Kwenye injini iliyokaa miaka mingi na tope, badilisha filta ya kwanza mapema na uipasue: chembe zinazong'aa kwenye karatasi zitakuonyesha hali ya beringi.