Tracy Chapman: yasemwayo Malindi na Lamu, na yaliyo kweli

Mpiga gitaa wa hotelini Malindi au Shela haishi kuombwa "Fast Car", na kila ombi huja na habari za mtunzi wake, mwimbaji Mmarekani Tracy Chapman, ambazo nyingi si kweli.

"Aliyeimba ni mwanamume." Sauti yake ni nzito, ya chini katika sauti za kike. Ni mwanamke, mzaliwa wa Cleveland, Ohio, mwaka 1964.

"Bahati ilimwokota jukwaani." Kisa chenyewe ni cha Wembley, London, 11 Juni 1988, katika tamasha la miaka 70 ya Nelson Mandela, ambaye bado alikuwa gerezani. Stevie Wonder alikuwa karibu kupanda jukwaani ilipogundulika kwamba diski yenye muziki wake haipo, ndipo Chapman akarudishwa na gitaa lake. Hayo yalitokea. Ila kurudishwa maana yake alikuwa ameshaimba mapema siku hiyo, na albamu yake ya kwanza ilikuwa sokoni tangu Aprili. Alianza kutunga akiwa na miaka 8, na alipokuwa akisoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Tufts alikuwa akiwapigia wapita njia gitaa pale Harvard Square. Aliyezoea kuwatuliza wapita njia kwa gitaa moja hahitaji mitambo ya kufungiwa. Bendi nzima isingewahi kuingia kwa haraka ile.

"'Fast Car' ni ya Luke Combs", au kinyume chake, "Combs kampora." Yote mawili si kweli. Chapman aliutunga peke yake, na Combs, mwimbaji wa kantri, aliurekodi upya mwaka 2023. Kwa sheria ya Marekani, wimbo ukishatolewa mtu mwingine anaweza kuurekodi bila kumwomba mtunzi, mradi amlipe mirabaha, yaani malipo ya kutumia kazi yake. Kwa hiyo rekodi ya Combs ilivyozidi kuuzwa ndivyo malipo ya utunzi yalivyozidi kumwendea Chapman. Novemba 2023 tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, ya Wimbo Bora wa Mwaka, ambayo hupewa mtunzi, ilikwenda kwake, akawa mtunzi mweusi wa kwanza kuipata. Februari 2024 wawili hao waliuimba pamoja kwenye tuzo za Grammy.

"Nikiutia maneno ya Kiswahili unakuwa wangu." Hili ndilo linaloweza kuwaumiza wasanii wetu. Kutafsiri wimbo, au kuchukua kipande cha tuni yake na kukitia ndani ya wako, huhitaji ruhusa ya mwenyewe. Nicki Minaj, mwimbaji wa rap wa Marekani, aliomba kutumia "Baby Can I Hold You" ya Chapman, akanyimwa, na wimbo alioutengeneza ukachezwa redioni hivyo hivyo. Chapman alishtaki mwaka 2018, na kesi ikaisha Januari 2021 kwa kulipwa dola 450,000. Kenya nako, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na haki ya kutafsiri ni yake. Sheria hiyo hiyo inakulinda na wewe: haki huanza pale wimbo wako unapoandikwa au kurekodiwa, hata kwa simu. Kwa hiyo rekodi mapema, na uhifadhi faili yenye tarehe.

"Si mtu wa rock." Wimbo wake "Give Me One Reason" ni bluzi ya vipimo 12, yaani mzunguko wa vipimo 12 unaorudiwa. Ulifika nafasi ya 3 kwenye chati ya Marekani mwaka 1996, na 1997 ukapata Grammy ya Wimbo Bora wa Rock.

"Fast Car ni wimbo wa mapenzi na starehe." Ni habari ya msichana aliyeacha shule kumtunza baba mlevi, akaondoka na mpenzi, na mwisho mpenzi naye akageuka mlevi. Anayetaka upigwe harusini ausikilize kwanza hadi mwisho.

"Ni kodi nne tu, mtoto anaupiga." Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ni nne kweli: Cmaj7, G, Em na D, kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) ikiwa freti ya 2, freti zikiwa vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Kazi iko kwenye vidole. Kwa Cmaj7 bonyeza uzi wa 5 freti ya 3 na uzi wa 4 freti ya 2, kisha uache nyuzi tatu nyembamba wazi. Wengi huongeza kidole kwenye uzi wa 2, ikawa C ya kawaida, na ile noti inayouachia wimbo hamu yake inapotea. Chuna kwa vidole, dole gumba likishika besi, kwa mapigo kama 104 kwa dakika. Kapo iwekwe karibu kabisa na chuma cha freti, nyuma yake, kisha upime tuni tena. Ikiegemea mbali, nyuzi huvutika na sauti hupanda.

Hewa ya Lamu ina chumvi, nayo hula nyuzi za chuma. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, maana zikishika kutu hazikai kwenye tuni. Unyevu nao hufurisha mbao, nyuzi zikainuka mbali na shingo na vidole vikauma, basi weka gitaa kwenye kasha lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikishajaa.