Anza na Majina Yake: Ninavyoandika Wasifu wa Wazee Wetu wa Mkonge

Binti alinijia msibani na karatasi mkononi, macho yamevimba kwa kilio na kwa safari ya usiku kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo Mwalimu. Nimeandika wasifu wa baba, naomba uninyooshee kidogo. Padri anauhitaji kabla ya saa nane."

Ilikuwa mistari minane. Marehemu alizaliwa tarehe 1 Januari 1938 Kasulu, mkoani Kigoma. Alikuja Tanga kikazi. Alifanya kazi shamba la mkonge hadi alipostaafu. Alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu 19. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe.

"Marahaba mwanangu, pole sana," nikamwambia. "Hivi baba yako alikuwa anaitwa nani?"

Alinitazama kwa mshangao, maana jina liliandikwa pale juu kwa herufi kubwa. Lakini lile lilikuwa jina la kitambulisho, na mimi nilishawasikia wazee wawili kwenye mkeka wakimlilia kwa jina jingine kabisa.

Nimekuwa nikiandika wasifu wa marehemu hapa Korogwe na Muheza tangu nilipokuwa bado nafundisha, na nilipostaafu imekuwa ndiyo kazi yangu. Watu wengi wananiuliza ninaanzia wapi. Wanatarajia niseme tarehe ya kuzaliwa. Mimi naanza na majina, na kwa wazee wa mashamba ya mkonge sijawahi kujuta.

Kwa anayesoma kutoka mbali, nieleze kidogo. Mkonge ulifika pwani hii 1893, alipouleta Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, iliyopona ilikuwa 62, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote unayoyaona ukitoka Tanga kuja Korogwe. Mashamba hayo yalihitaji mikono, na wenyeji hawakuwa na haja ya kuacha mihogo yao wakakate mkonge wa mtu. Basi mikono ikafuatwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Rwanda, Msumbiji. Kuanzia 1944 kazi hiyo ya kukusanya watu iliratibiwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Mtu akiandikishwa alipewa namba, na wakaitwa manamba. Mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Kisha kamba za nailoni zikaangusha bei, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika tani 30,000 kwa mwaka. Kambi zikabaki, na waliokuwamo wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakalima vipande vyao hapa, watoto wao wanazungumza Kiswahili tu. Sasa ndio wanaoondoka, mmoja baada ya mwingine, na kila anayezikwa anakwenda na barabara nzima ya kurudi kwao.

Ndiyo maana majina. Mzee wa aina hii huwa nayo manne, wakati mwingine zaidi. Lipo jina alilopewa na mama yake, la Kiha au la Kingoni, ambalo huenda hakuna mtu Tanga aliyewahi kulisikia. Lipo la kipande, yaani kadi ya kazi, lile aliloandikiwa na karani siku ya kuajiriwa. Karani aliandika alivyosikia, na wapo walioingia kazini kwa kipande cha kaka au rafiki aliyekwisha kutoroka, wakabaki na jina la mtu mwingine maisha yao yote. Lipo la dini, la ubatizo au la kusilimu. Na lipo la kambini, ambalo ndilo lenye maisha yake ndani: la kazi aliyoifanya, la mzaha uliompata siku moja 1959 ukamganda mpaka kaburini. Ukiandika moja tu, watu watatu kati ya wanne waliomjua hawatajua umemzika nani. Nimeshaona mzee akija msibani siku ya tatu, amechelewa na anatetemeka, kwa sababu tangazo lilipopita kwa spika alisikia jina la kitambulisho na hakujua kwamba ni swahiba wake wa miaka 50.

Baada ya majina ndiyo nakwenda kwenye miaka. Hapa lazima nisisitize: ukiona 1 Januari kwenye kitambulisho cha mzee wa umri huo, usiinakili tu. Mara nyingi ni tarehe aliyopewa dirishani kwa sababu fomu ilitaka tarehe. Umri wa wazee hawa unapatikana kwa matukio. Siulizi "alizaliwa lini?" Nauliza rika lake: wakati wa vita ya Hitla alikuwa anabebwa mgongoni au anachunga mbuzi? Alishatoka kwao walipokuwa wanaandika watu kwenda kulima karanga Kongwa? Hapa kambini alikukuta au wewe ulimkuta? Mvua kubwa za mwaka wa Uhuru zilimkuta ameoa? Mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya ile njaa ya unga wa njano? Na wa mwisho, je, mwaka aliokufa Sokoine alikuwa ameanza kutembea? Mambo haya yana tarehe zake: Kongwa ilianza 1947, Uhuru ni Desemba 1961, Sokoine alifariki 12 Aprili 1984. Ukiyapanga, unapata mwaka wa kuzaliwa ambao unaweza kukosea kwa miaka miwili tu, na unaandika "takriban 1935" bila wasiwasi. Neno hilo "takriban" ni la heshima kuliko tarehe kamili isiyo ya kweli.

Hata reli inasaidia. Njia ya kuunganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga, kutoka Ruvu hadi Mruazi, ilikamilika 1963. Basi mzee akisimulia kwamba walishuka treni wakamaliziwa safari kwa lori, wamesongamana na kupigwa vumbi, alikuja kabla. Akisema alipanda gari moshi kwao na akashuka Korogwe, hakugusa lori njiani, alikuja baadaye. Kwa baba wa binti yule, mzee mwenzake alikumbuka vizuri sana lile lori, kwa sababu marehemu alitapikia blanketi lake.

Sasa, nani wa kuuliza? Watu wanakimbilia kwa kifungua mimba. Kifungua mimba anamjua baba. Hamjui kijana aliyetoka Kasulu na miaka 19. Mjane naye simsumbui, ana mzigo wake; nikimhitaji nitarudi baada ya arobaini. Nakwenda kwa rika, kwa majirani wa kambini, na zaidi ya wote kwa watani.

Hapa naomba niseme polepole, kwa sababu naona vijana wengi wa mjini siku hizi wanawaona watani kama wavurugaji wa shughuli, na wapo waliokwisha kuwazuia mlangoni. Siku ya msiba ule, mwili ulipotolewa nje kuagwa, bibi mmoja mtani wake alitoka upande wa jikoni amevaa kofia ya marehemu, koti la marehemu limemfika magotini. Akainama kidogo bega la kushoto. Pale pale wazee wakaanza kucheka huku wanalia, maana ndivyo alivyotembea. Akaokota unyuzi wa kamba iliyofungia turubai, akaulaza kwenye kiganja, akaupitishia kidole gumba taratibu, akauinua juani akifumba jicho moja, akafyonza, akautupa. Kisha akasema kwa sauti ya mwanamume: "Hii peleka chini!" Halafu akakaa mbele ya jeneza, akatangaza kwamba mtu huyu hatoki hapa mpaka deni lake la tumbaku lilipwe. Wakwe wakachanga, akapokea, akavua kofia akaiweka juu ya jeneza, ndipo akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Karatasi ya binti ilisema "alifanya kazi shamba la mkonge". Mtani alikuwa ametuonyesha ni kazi gani. Yule mzee hakuwa mkataji. Alikuwa wa kiwandani, mtu wa kuchambua singa baada ya kutoka korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, na kuanikwa, anayejua daraja kwa kidole na kwa mwanga wa jua. Nikamwendea bibi baadaye na soda, nikamuuliza, akaniambia alikaa kwenye kazi hiyo tangu kabla ya Azimio la Arusha, na kwamba mameneja walikuja na kuondoka wakimkuta yeye pale pale penye dirisha. Nikaandika maneno yake kama alivyoyasema.

Watoto wengi hawataki niandike neno manamba. Wanaona ni aibu, wanapenda "alikuwa mtumishi wa shirika". Nawaelewa, neno lile lilitumika kuwadharau wazazi wao. Lakini huwa nawakumbusha kwamba Shaaban Robert, mwana wa Tanga hii hii, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad hakuficha kuwa mwanamke yule alikuwa akiuza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha Bombay kurekodi santuri 1928. Vyungu havikumpunguza. Mtu aliyekata mkonge, mwiba ukamchoma jicho, na bado akasomesha watoto wake, anastahili mkonge wake utajwe.

Lipo jambo moja ambalo sikulijua mwanzoni na liliniumiza. Miaka yangu ya awali niliandika "ameacha watoto 4" kama nilivyoambiwa na mtoto mkubwa wa marehemu. Niliposoma, kijana mmoja aliyekuwa ameshika jembe, aliyechimba kaburi tangu alfajiri, aliliweka jembe chini akaondoka. Alikuwa mtoto wa marehemu na mama wa Handeni. Miezi michache baadaye karatasi yangu ilipelekwa kwenye shauri la mirathi kama ushahidi kwamba yeye si mtoto. Nilikwenda nikaeleza jinsi nilivyoipata hesabu ile, lakini siwezi kusema kwamba nilirudisha nilichokivunja. Tangu hapo siandiki idadi ya watoto mpaka wazee wa ukoo wakae na akina mama wawepo, maana akina mama ndio wanaojua. Wasipokubaliana, naandika "ameacha watoto na wajukuu", basi, bila tarakimu.

Kwa misiba ya Waislamu mambo huenda kwa namna nyingine, kwa kuwa maiti hacheleweshwi na makaburini hakuna nafasi ya kusoma karatasi. Huko nakaa na daftari usiku wa kwanza na wa pili wa matanga, wakati wazee wamelala ukumbini na hakuna mwenye usingizi. Siulizi sana. Natia neno moja, "hivi ile kambi ya zamani ilikuwa upande gani?", halafu naacha. Wasifu unasomwa siku ya arobaini, kabla ya hitima, na kwa kweli unakuwa bora zaidi kwa sababu umepata muda. Nikirekodi kwa simu naomba ruhusa kwanza, na kila wasifu nautoa nakala tatu: ya familia, ya kanisa au msikiti, na yangu.

Siku ile ya binti hatukuwa na siku 40. Tulikuwa na saa mbili na nusu. Majina matatu tulishayapata: la kitambulisho, la ubatizo, na la kambini alilolilia yule bibi. La nyumbani hakuna aliyelijua, hata mjane. Kwenye daftari kuukuu la marehemu tukakuta namba ya simu ya mtu wa Kasulu, tukapiga. Akapokea kijana, tukamwomba mtu mzima yeyote wa pale nyumbani, akampelekea simu bibi yake. Binti akamwamkia, akamtajia jina la baba yake. Bibi akasema huyo hamjui. Akataja la ubatizo. Hamjui. Mimi nikamnong'oneza binti: mwambie kidole. Marehemu alikuwa hana kidole cha mwisho mkono wa kushoto, na mzee wa lori alikuwa ameniambia alikuja hana kidole hicho tangu kwao. Binti akasema, "Bibi, mkono wa kushoto alikuwa na vidole vinne."

Kimya. Tukadhani salio limekwisha. Kisha bibi akalitamka lile jina, mara mbili, mara ya pili akiwa analia, na akasema ni yeye aliyemkata kidole kile kwa jembe wakiwa watoto.

Padri aliyasoma majina yote manne. Fundi wa msalaba alikuwa amekwisha kuandika moja kwa rangi nyeusi, limekauka. Binti akamwendea na kikaratasi, akamwomba aongeze lile la Kasulu. Fundi akachovya brashi, akapima kwa jicho. Nafasi ilikuwa imebaki ndogo chini ya tarehe, ikabidi azibane herufi.