Mchele Pikieni: Laptopu, Kahawa na Mvua za Kigoma

"Fundi, nilishaiweka kwenye mchele." Mvua zikishaanza hapa Kigoma, kauli hiyo inanifikia kabla hata ya salamu. Mkasa wenyewe haubadiliki sana. Mtu yuko mgahawani Mwanga au kule chini karibu na stesheni, mvua imembana, akaona heri amalizie viporo. Mwalimu anaingiza alama, mtumishi wa halmashauri anahangaika na ripoti ya robo mwaka, mwanachuo anapanga kurasa za ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Kikombe kiko pembeni ya laptopu, mtu anapita na mkoba, kahawa ya maziwa inaishia yote kwenye kibodi. Siku ya tatu ndipo mashine inafika kwangu, punje zikidondoka mezani.

Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya mashine. Nimelisema hili mpaka koo limekauka. Mchele mnaonunua una unyevu wake tayari, asilimia 12 hadi 14 hivi, na msimu huu hewa yenyewe imejaa maji kiasi kwamba hata nguo hazikauki kambani. Punje iliyokaa kwenye hewa hiyo itavuta nini tena? Halafu maji hayakukaa juu yakisubiri kunyonywa. Yameingia chini ya vipande vya bodi, ile sahani ya ndani inayobeba saketi zote, kwenye mianya ambayo hata karatasi haipiti.

Hapo ndipo ninapoulizwa, "Mbona simu ya shemeji ilipona?" Ilipona kwa sababu maji yalikuwa machache na hewa ikayakausha. Angeiacha juu ya kabati ingepona vilevile, ila kabati halisifiwi na mtu.

Tena kinachoua mashine si maji peke yake, ni umeme unaopita kwenye maji. Maji safi kabisa hupitisha umeme kidogo mno. Kahawa ya maziwa ina chumvichumvi za maziwa na za maji yaliyochemshiwa, na hizo ndizo zinazofungulia umeme njia. Umeme ukipita humo, shaba ya upande wa chanya inamung'unyuka na kusogea upande wa hasi, inajijenga kidogo kidogo mpaka nyaya mbili ambazo hazikutakiwa kukutana zinakutana. Hiyo ndiyo shoti. Na msisahau kuwa laptopu ikizimwa, betri bado imo ndani, na baadhi ya sehemu za bodi zinapata umeme saa zote. Siku tatu za kulala kwenye mchele ni siku tatu za bodi kuliwa.

Juzi nimefungua moja ya namna hiyo. Chini ya kibodi maziwa yamekauka yakawa utando wa kahawia, harufu ya mtindi uliopitiliza. Kwenye miguu ya tundu la chaji kuna unga wa kijani na buluu, ndiyo shaba ikioza. Feni imepakwa vumbi jeupe la wanga. Ndani ya tundu la USB kuna punje moja iliyovimba ikakwama, nikaitoa kwa kibano vipande vipande. Kuisafisha kahawa ilikuwa kazi, na mchele ukawa kazi ya pili, ambayo mteja hakutegemea kuilipia. Hata Apple, kwenye maelekezo yao kuhusu simu iliyoloa, wanasema usiiweke kwenye mchele kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu. Kwa hiyo mkinibishia mimi, wabishieni na wao.

Kahawa ikimwagika, chomoa chaja kwanza, kabla hujaomba hata kitambaa. Usihangaike kuhifadhi faili. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde kumi mpaka mashine izime kabisa. Betri kama ni ya kuchomoka, ichomoe. Ifunue laptopu, uigeuze kibodi kitazame chini, isimame kama paa la nyumba juu ya taulo, na uichomoe flashi na kila kilichochomekwa. Usiitikise. Usibonyezebonyeze vitufe kuona kama vinanata. Kisha iletwe kwa fundi siku hiyohiyo, hata kama mvua bado inanyesha. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni uje nayo. Fundi ataitoa betri ya ndani, ataosha bodi kwa isopropili, aina ya alkoholi ya kusafishia, ya asilimia 90 kwenda juu na brashi laini, ataikausha, ndipo atakapowasha. Fundi akikwambia "tuiache ijikaushe" bila kuifungua, chukua mashine yako uondoke.

Na mkifika, semeni ukweli. Kila mtu ananiambia imezima yenyewe tu. Bosi, naona majani ya chai hapa. Maji ya mvua, chai ya rangi, soda na kahawa ya maziwa havisafishwi kwa namna moja. Vyenye sukari vinabaki kama gundi na kuendelea kushika unyevu hata baada ya kukauka. Mashine na simu nyingi zina kistika cheupe ndani kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, kwa hiyo hata ukikaa kimya, nacho kimeshasema.

"Nimeiwasha, imewaka, basi imepona." Hapana. Imewaka kwa sababu kuoza hakujafika mahali pabaya. Wengi wanarudi baada ya wiki mbili, kibodi kinajiandika herufi chenyewe, chaji haiingii. Kuwasha ili kujaribu ndiyo kosa linaloua mashine nyingi kuliko kahawa yenyewe. Na draya ya saluni inasukuma maji ndani zaidi na kupindisha vitufe, wakati sukari inaiacha palepale.

Wapo wanaojivunia simu "isiyoingia maji". Hiyo IP68, alama ya kinga ya simu dhidi ya vumbi na maji, ni kipimo cha maji safi, kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji, simu ikiwa mpya. Gundi inayozuia maji inachoka kadiri miaka inavyokwenda, na simu ikishabadilishwa kioo bila kuwekewa gundi mpya, kinga hiyo hesabu haipo.

Kuhusu radi, simu haivuti radi. Ukiwa umekaa ndani ya mgahawa, simu mkononi haijachomekwa popote, endelea na barua pepe zako. Cha kuogopa ni waya. Radi ikipiga kwenye laini ya umeme, mshtuko unasafiri mpaka kwenye soketi na kuingia kwenye chaja. Mashariki ya Kongo, hapo ng'ambo ya ziwa, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi kuliko zote duniani, na mawingu hayaombi pasipoti. Ukisikia ngurumo chomoa chaja ukutani ufanye kazi kwa betri. Kuzima swichi tu hakutoshi, maana umeme wa radi umeshavuka kilomita za hewa, utashindwaje na mwanya wa swichi?

Hapo nimalizane pia na ile ekstensheni yenye kitaa chekundu, ambayo wenye migahawa wananihakikishia kuwa inalinda vifaa. Kitaa kinaonyesha tu kwamba umeme upo. Kama haikuandikwa kwamba ina kinga dhidi ya mshtuko wa umeme, hiyo ni waya mrefu wenye matundu. Umeme ukikatika ghafla, chomoa, urudishe ukishatulia.

"Ukitumia Wi-Fi ya mgahawani, hela zote za benki zinaondoka." Tovuti na programu za benki siku hizi zinasimba mawasiliano, yaani zinayageuza mafumbo njiani, kwa hiyo aliyekaa meza ya jirani hasomi namba yako ya siri hewani. Anaisoma kwa macho, ukiiandika huku skrini ikimtazama. Wengine wanajiibia wenyewe, wanafungua kiungo cha ajabu kisha wanamtajia mtu wasiyemjua namba ya uthibitisho kwa simu. Na wewe unayekwenda chooni ukiacha laptopu wazi mezani, tatizo lako si Wi-Fi.

Betri kuishusha mpaka sifuri ndipo uchaji? Hayo yalikuwa mambo ya betri za nikeli. Za lithiamu, zilizomo kwenye simu na laptopu za sasa, zinaumizwa na joto na kukaa zimeisha kabisa.

La mwisho, "Mashine imekufa, na kazi yangu yote imekufa." Mara nyingi bodi inakufa, diski inabaki salama, naichomoa nasoma faili kwenye mashine nyingine. Ila laptopu nyingi mpya diski imechomelewa kwenye bodi, au Windows imeifunga kwa ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uutafute kwa simu kabla hujaja dukani, maana mimi siwezi kuukisia, na nenosiri la akaunti yako silitaki.