Baiskeli Ikitupwa Chini

Mume alikuja kulalamikia masufuria. Kila akirudi kazini, mke wake anaanza kusugua masufuria ambayo tayari yanang'aa, na hamtazami. "Daktari, mimi sijawahi hata kumfokea." Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia, ila hapa Dodoma nimeacha kusahihisha. Bora waniite hivyo kuliko kudhani kwamba ukionekana kwangu, safari inayofuata ni ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili.

Mke (nimebadilisha mambo ya kumtambulisha) alikulia kijijini, upande wa Kongwa. Baba yake alikuwa mtu wa kilabuni. Akiwa na miaka minane alijua usiku utakuwaje kwa kusikiliza baiskeli. Ikiegemezwa ukutani taratibu, leo kuna hadithi. Ikitupwa chini, anawaamsha wadogo zake na kuwapitisha mlango wa nyuma kwenda kwa bibi. Siku asizoelewa, anaosha vyombo, maana aliona mtoto mwenye kazi mkononi hapigwi.

Leo ana miaka 34, na mume wake hata pombe ya wanzuki hagusi. Lakini geti likilia, mwili hausubiri kuuliza ni nani. Ubongo uliokulia kwenye hofu ya kila siku huzoea kupiga king'ora mapema: adrenalini inapanda, moyo unakwenda mbio, mikono inatafuta sufuria. Mume, anayeona mgongo tu, anahitimisha kwamba hapendwi.

Ndugu walishaanza kunong'ona kuhusu laana ya ukoo. Ila athari za utoto wa namna hii zimechunguzwa. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000, na kuishi na mlevi utotoni kulikuwa kati ya mambo waliyoulizwa. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 zaidi ya wasiopitia lolote. Hatari, jamani, si hukumu. Huyu mama hajaonja pombe maishani.

Sikumwambia aache masufuria. Nilimwomba mume apige hodi kabla ya kugusa geti.

"Nipige hodi kwangu mwenyewe?"

Aliudhika wiki nzima, kisha akajaribu. Wiki ya tatu mke alinisimulia, akicheka kidogo, kwamba jana yake aliitikia "karibu" na povu likiwa bado mikononi.