Sikukuu za mwaka mzima na watoto wadogo: tunayoyaamini Lubumbashi na yaliyo kweli

Ukimwuliza mzazi wa Katuba au wa Kenya, mitaa ya mji wetu, mtoto wake anasherehekea sikukuu gani, atakutajia mbili: Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya. Zilizobaki kwake ni siku ambazo ofisi zinafungwa. Matokeo yake, mzigo wa mwaka mzima unaangukia wiki moja ya Desemba, na tarehe 2 Januari nyumba haina hata franga ya basi. Mimi nafundisha matenele, watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Kila Januari wananihadithia sikukuu zao, na ni nadra sana mmoja wao kutaja nguo. Wanataja kwamba waliachiwa wakoroge unga wa mikate, kwamba nkambo (babu au bibi) alilala kwao, kwamba umeme ulikatika wakaimba gizani. Mtoto mdogo anashika alichokifanya kwa mikono yake, na anashika kinachorudi. Dhana nyingi tulizo nazo kuhusu sikukuu na watoto zinapingana na hilo, basi nizichukue zile ninazozisikia kila mara.

"Bado mdogo, hatakumbuka kitu"

Kuna ukweli kidogo hapa. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya kabla ya miaka mitatu hivi. Lakini kusahau huko kunakuja baadaye, hakuanzi siku ileile. Watafiti wawili wa Marekani, Patricia Bauer na Marina Larkina, walichapisha mwaka 2014 kazi yao kuhusu watoto waliorekodiwa wakiwa na miaka mitatu, wakizungumza na mama zao juu ya mambo waliyoyaishi. Watoto walioulizwa tena kati ya miaka mitano na saba walikumbuka zaidi ya 60% ya mambo yale. Walioulizwa wakiwa na minane au tisa walikumbuka karibu 35% tu. Maana yake, huyo wa miaka minne unayemwona hana habari anaikumbuka Pasaka iliyopita vizuri kabisa. Ataipoteza polepole akiwa shule ya msingi, hasa kama hakuna mtu anayeizungumza naye.

Na namna ya kuizungumza ina uzito. Katika utafiti huohuo, watoto ambao mama zao waliwaachia nafasi ya kuongoza mazungumzo walibaki na kumbukumbu nyingi zaidi. Sisi huwa tunauliza kama polisi: "Ulikula kuku? Ulisema merci?" Mtoto anajibu ndiyo, ndiyo, kwisha. Jaribu kumwambia, "Siku ile kwa tantini ilikuwaje?" kisha unyamaze. Atakueleza kwamba kuku alikata kamba akapanda juu ya meza, na baba akaangukia sahani akitaka kumkamata. Usimkatize kumsahihisha kwamba haikuwa sahani, ilikuwa sufuria.

Kwa mtoto ambaye hajasema bado, sikukuu haiwi hadithi, ila inakuwa mpangilio: sauti zilezile, harufu ileile ya sombe (majani ya muhogo), mikono inayombeba. Barbara Fiese na wenzake walipitia mwaka 2002 tafiti za miaka 50 kuhusu desturi za familia. Waliona kwamba nyumba zenye desturi zinazorudiwa huendana na watoto wenye afya bora na wazazi wanaojiamini zaidi katika ulezi. Kuendana si kusababisha, nalijua hilo, lakini desturi haimgharimu mtu dola.

"Bila nguo mpya na zawadi nyingi, umemwaibisha mtoto"

Umemwaibisha nani hasa? Mtoto wa miaka miwili hajui kiatu cha mtumba na kiatu cha dukani. Anajua kinachombana. Desemba hapa ni katikati ya mvua. Kiatu cheupe kilichonunuliwa kwa deni kinafika kanisani kikiwa chekundu kwa udongo wetu, na mtoto anachapwa kwa sababu ya matope ambayo hakuyaleta yeye. Aibu ninayoisikia hapo ni ya mkubwa mbele ya majirani. Haina ubaya, mradi asisingiziwe mtoto.

Kuhusu zawadi za kuchezea, Chuo Kikuu cha Toledo kule Marekani kiliwaangalia watoto 36 wa kati ya miezi 18 na 30, mara wakiwa na vitu vinne vya kuchezea, mara wakiwa na kumi na sita. Wakiwa na vinne walikaa na kila kimoja muda mrefu zaidi na kukichezea kwa njia nyingi zaidi. Kama wajomba wameleta vitu vingi siku ya Bonane, toa viwili, vingine viweke juu ya kabati. Pasaka utavishusha na vitakuwa vipya.

Kinachowatesa watoto wa umri huu kuliko kukosa zawadi ni kungoja. "Bado wiki mbili" kwao haina maana. Kuna watoto darasani kwangu ambao kwao kila siku iliyopita ni jana. Weka maharagwe kumi ndani ya chupa, kila asubuhi atoe moja. Siku chupa ikiwa tupu ni sikukuu. Itakuokoa kuulizwa "ni leo?" mara ishirini kwa siku.

"Sukre inawatia wazimu"

Hii naisikia kila sherehe ya shule: mama anampokonya mtoto soda akisema atapanda ukutani. Sukari ina ubaya wake kwa meno na kwa uzito, lakini hilo la wazimu limepimwa mara nyingi na halikuonekana. Uchambuzi uliotoka 1995 katika jarida la madaktari la Marekani ulikusanya majaribio ambamo wala mzazi wala mtoto hakujua nani kapewa sukari. Haukukuta badiliko la tabia. Jaribio moja la 1994 linachekesha zaidi. Hoover na Milich waliwaambia akina mama kwamba wana wao wamekunywa sukari nyingi, kumbe walipewa kinywaji kisichokuwa nayo hata punje. Akina mama hao waliwaona watoto wao wakorofi kuliko walivyoona wenzao walioambiwa ukweli, na wakawakaripia zaidi.

Siku ya sikukuu mtoto hakulala mchana, amekula saa tisa badala ya saa sita, baffle (spika) ya jirani inapiga tangu asubuhi, na watu asiowajua wanamvuta mashavu. Mtu mzima mwenyewe angelia. Mlaze hata nusu saa kabla ya wageni, na umlishe bukari (ugali) yake kwa wakati wake hata kama wali wa sherehe haujaiva. Na akimkimbia Papa Noeli wa shuleni akilia, mwache akimbie. Mtu mwenye ndevu za pamba anatisha.

"Siku za taifa ni za wakubwa"

Hii inanikera, hasa kwetu. Kalenda ya Congo ina siku mbili zinazohusu watu waliomalizikia papa hapa. Tarehe 6 Aprili, iliyoingizwa kwenye siku za mapumziko mwaka 2023, ni ya Simon Kimbangu, aliyeanza kuhubiri na kuombea wagonjwa Nkamba siku hiyo mwaka 1921. Wabelgiji walimfunga miaka thelathini, akafa gerezani hapa mjini, wakati huo ukiitwa Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Tarehe 17 Januari ni ya Patrice Lumumba, aliyeuawa 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito kule Shilatembo, nje ya mji. Jino lake, kitu pekee kilichobaki, lilirudishwa kutoka Ubelgiji Juni 2022 na kupitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mtoto wa Goma au wa Kisangani anaambiwa hadithi hizi kama mambo ya mbali. Wetu angeweza kuonyeshwa kwa kidole.

Je, mtoto wa miaka minne aambiwe nini? Machache na ya kweli. "Kulikuwa na mtu aliyetaka nchi yetu ijiongoze yenyewe. Kuna waliomchukia kwa hilo, wakamwua. Leo tunamkumbuka." Yale yaliyofanyiwa maiti yanaweza kungoja miaka kumi. Kisha mpe kazi. Kwa 30 Juni, siku ya uhuru, sisi tunapaka bendera: buluu ya mbingu, nyota ya njano pembeni juu, mstari mwekundu wa mshazari wenye kingo za njano. Nyota kwao huishia katikati ya mstari, wakati mwingine zikiwa nne, na mimi sizisogezi. Nikiwaambia kwamba nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi, wanauliza kama iliuma. Ndiyo, iliuma.

Wengine husema hakuna haja kwa sababu sikukuu hizi serikali inaziweka na kuziondoa. Kweli, inafanya hivyo. Wazazi wetu waliimba tarehe 20 Mei kwa ajili ya chama cha Mobutu, na 24 Novemba kwa ajili ya kutwaa kwake madaraka. Leo ni siku za kawaida za kazi. Noeli yenyewe aliifuta kwenye orodha ya mapumziko mwaka 1974, na watu waliisherehekea vilevile. Kumbe inayobaki ni ile iliyoshikwa nyumbani.

"Mtoto hapelekwi makaburini"

Tarehe 1 Agosti ndiyo sikukuu yetu ya pekee kabisa: asubuhi wazazi waliokufa, mchana wazazi walio hai. Asubuhi familia zinakwenda na majembe na ndoo kusafisha makaburi, mchana zinarudi kula pamoja. Wengi huwaacha wadogo nyumbani, eti watapata ndoto mbaya au kifo kitawajua. Hivyo wanapata nusu ya sikukuu, ile ya kula.

Watoto wa chini ya miaka mitano kwa kawaida hawajaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma. Wengi wanaelewa kidogo kidogo kati ya mitano na saba. Kwa hiyo kaburi haliwatishi kwa namna linavyotutisha sisi. Kinachowachanganya ni maneno yetu ya kuzunguka. "Nkambo amelala" humfanya mwingine aogope kitanda. "Amesafiri" humfanya angoje, kisha akasirike kwamba nkambo alienda bila kuaga. Tumia neno lenyewe: amekufa. Mtoto mmoja aliwahi kuuliza mbele yangu, akiwa ameshika kifagio, "Nkambo anakula nini humo ndani?" Mama yake alimjibu vizuri sana: "Hali tena. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hasikii njaa, wala baridi." Mtoto akafagia. Baada ya dakika tano akauliza tena swali lilelile, na akajibiwa tena jibu lilelile. Ndivyo wanavyojifunza, na wala si dalili ya kuvurugika.

Usimlazimishe asiyetaka, na usimkataze kukuona ukilia. Mwambie tu kwa nini unalia. Mpe ndoo ndogo au fungu la majani ya kung'oa. Mvalishe sweta, maana asubuhi za Agosti hapa zina baridi na vumbi. Na mchana umwachie ampelekee nkambo aliye hai sahani yake ya kwanza yeye mwenyewe, hata kama sombe itamwagika njiani.

Kesho yake, 2 Agosti, ni ukumbusho wa Genocost, wa waliouawa katika vita vya nchi yetu. Hapo msimamo wangu ni mwingine: sentensi moja na mshumaa vinatosha kwa mdogo. Zile picha za maiti zinazozunguka kwenye simu siku hiyo zisimfikie.

"Akishiriki sikukuu ya jirani, imani itapotea"

Kula pilau ya Idi kwa jirani hakumfanyi mtoto Mwislamu. Kunamfanya ajue kwamba Idi husogea mbele siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa sababu inafuata mwezi. Kadhalika atashangaa kusikia kwamba Wakimbangu wanasherehekea Noeli tarehe 25 Mei, na kwamba Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei kabisa. Kwa hao wa mwisho, heshima ni kumwuliza mama kabla ya kumpa mtoto wake keki ya siku ya kuzaliwa darasani.

"Siku ya sikukuu, kidogo tu hakidhuru"

Hapa sina utani. Bia ya kuonja haimwongezei mtoto damu. Pombe inashusha sukari ya damu, na kwa mtoto mdogo inaweza kuishusha hadi azimie au apate degedege. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, ulioandaliwa leo ni jambo moja. Uliokaa siku kadhaa umeshakuwa pombe. Tazama pia glasi zilizosahauliwa mezani asubuhi ya Bonane, maana mtoto ndiye anayeamka wa kwanza. Karanga nzima zisipewe walio chini ya miaka mitano, kwa sababu zinaingia kwenye njia ya hewa, wasagie. Asali haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na ile poda nyeupe tunayowamwagia watoto kichwani wakifaulu siku ya proklamasio, yaani ya kutangazwa matokeo ya shule, ikivutwa na kichanga inaweza kuziba mapafu. Mmwagieni mhitimu wenu uani, na mwenye mtoto mgongoni asimame barazani hadi vumbi litulie.