Tairi za mvua: laini mbele, ngumu nyuma

Mvua ya masika ikianza hapa Kisumu, wateja wangu wa baiskeli za mbio huja na ombi lile lile: "Fundi, nitafutie tairi yenye meno." Wameona mifereji kwenye tairi za magari na pikipiki, wakaamini kwamba hizi zao za kipara ndizo zinazowaangusha. Nikiwaambia kuwa juu ya lami meno hayana kazi, wengine hunitazama kama muuzaji aliyeishiwa na mali.

Gari huelea juu ya maji kwa sababu tairi yake ni pana, inakanyaga bapa, na upepo wake ni mdogo, PSI 30 na kitu hivi. Ya baiskeli ni nyembamba, mgongo wake ni wa mviringo, na upepo wake ni zaidi ya mara mbili ya huo. Inayapasua maji na kuyasukuma kando kabla hayajaweza kuiinua. Kwa kanuni ambayo wahandisi hukadiria nayo tairi za ndege, tairi yenye PSI 80 ingeanza kuelea kwenye kasi inayokaribia kilomita 150 kwa saa, na sijaona wa kuteremka mlima wa Riat kwa mwendo huo. Meno yanafaa ukiacha lami ukaingia kwenye changarawe au matope. Juu ya lami yanapunguza tu mpira unaogusa barabara.

Kinachoshika ni mpira wenyewe. Lami imejaa vijiwe, na mpira laini huzama katikati yake hata vikiwa vimelowa, ilhali mgumu hukaa juu juu. Watengenezaji wengi huuchanganya na silika, unga wa madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ili ushike penye maji. Silika huioni kwa macho, lakini ukucha wa kidole gumba utakupa jibu: ubonyeze katikati ya tairi. Mpira mzuri hukubali, ukaacha alama inayofutika polepole. Ukucha ukiteleza kama juu ya sahani ya plastiki, rudisha tairi ya watu. Kisha ikunje ubavu uangalie nyufa. Tairi nyingi za bei ya kutupa zimeanikwa juani mbele ya duka muda mrefu hadi mpira ukakauka, ingawa hazijawahi kukanyaga barabara. Za mitumba ndizo zimekauka zaidi.

Tabu ni kwamba mpira laini huisha upesi na hukatika kirahisi. Continental Gatorskin ina wapenzi wengi, na wana haki: ubavu wake ni mgumu na inadumu. Wakati wa kiangazi sina neno nayo. Lami ikilowa naona mpira wake ni mgumu mno, hasa kwenye gurudumu la mbele. Grand Prix 5000 ya kampuni hiyo hiyo inashika vizuri sana, ila ubavu wake ni mwepesi kwa barabara zetu zenye kingo zilizomegeka. Kati ya hizo mbili iko Grand Prix 4-Season: mpira wenye silika, tabaka mbili za nyuzi imara za Vectran chini yake, na kitambaa cha kulinda ubavu. Bei yake si rahisi, na mara nyingi itabidi uiagize Nairobi. Schwalbe Marathon Plus, yenye tabaka la milimita 5 la kuzuia pancha, nampa mtu anayebeba mzigo kila siku. Mwenye kufanya mazoezi ya mbio nikimfungia hiyo, atanilaani kabla hajafika Kiboswa.

Kwa hiyo kama mfuko unaruhusu tairi moja tu nzuri, iende mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi unalirudisha. La mbele likiteleza, uko chini kabla hujajua. Nyuma ndiko kwenye uzito mkubwa, ndiko mpira huisha na ndiko pancha nyingi hutokea, basi huko weka ngumu. Ya nyuma ikishakuwa bapa mgongoni itupe, ya mbele irudi nyuma, na mpya ikae mbele. Tairi za Continental za mbio zina vitundu viwili vidogo katikati ya mpira, vikifutika, imekwisha.

Mtihani wa haya yote ni barabara ya Kakamega. Unapanda asubuhi pakavu, unarudi alasiri mawingu yameshafunga, na mteremko wa Kiboswa hadi Mamboleo unakungoja. Dakika za kwanza za manyunyu baada ya siku za jua ndizo mbaya, kwa sababu dizeli na vumbi vimechanganyika na maji na bado havijaoshwa. Upande wa Miwani na Chemelil, matrekta ya miwa huacha udongo mweusi barabarani, na ukilowa hakuna tairi ya mbio itakayokuokoa. Punguza mwendo, usiguse breki ukiwa kwenye kona. Reli na mistari ya rangi vuka ukiwa umenyooka.

Upepo nao. Namba iliyochapwa ubavuni ni kikomo, wala si agizo. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi za upana wa milimita 28 anaweza kuanza na PSI 70 nyuma na 65 mbele, na mvua ikinyesha apunguze kama 5 kila upande. Ukipunguza kupita kiasi, shimo moja litaibana tyubu kwenye rimu, likuachie matundu mawili yaliyo sambamba.

Pancha huongezeka mvuani kwa sababu maji hulainisha njia ya kigae cha chupa kuingia kwenye mpira. Adui mwingine ni vijiwaya vya tairi za lori zilizopasuka, ambavyo jicho halivioni. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha pamba ndani ya tairi pole pole. Itanasa pale kijiwaya kilipo, ukivute kwa koleo.

Kuhusu upana, chukua 28 kama fremu inakubali. Fremu nyingi za zamani zenye breki za kubana rimu huishia 25. Ila dukani usiseme "ishirini na nane" ukanyamaza, maana utapewa ya Black Mamba, zile baiskeli nzito za mizigo. Ile 28 yao ni inchi, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Ya mbio ni 622. Ukiifunga ya Black Mamba kwenye rimu ya mbio, italegea na kuchomoka. Soma ubavuni: unatafuta 28-622.