Mwamuzi Akishika Kipaza Sauti

Basi la shule likishawasha injini, hakuna mwanafunzi anayejali tena kinachosemwa ukumbini. Katika miaka ambayo nimeketi kwenye meza ya waamuzi katika matamasha ya muziki na drama ya shule za Kenya nimeliona hili hadi nimelizoea: kwaya inashuka jukwaani, mwalimu anatazama saa, wasichana wanavua maleba nyuma ya darasa, na mwamuzi anaposimama kueleza kila kundi limefanya nini, nusu ya viti vi vitupu. Matokeo watapigiwa simu. Maelezo hayapigiwi simu.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka wa 1927, na lile la drama likafuata 1959. Katika yote mawili shule hupanda ngazi kwa ngazi kutoka mashinani hadi kaunti, kisha kanda, mpaka kitaifa, na washindi wa mwisho hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Ngazi hizo ndizo zinazozungumzwa nyumbani na ofisini kwa mwalimu mkuu: tumefika wapi, tumeshika nambari ngapi, kombe liko wapi. Mimi ningependa tuzungumzie zile dakika chache mwamuzi anaposhika kipaza sauti, kwa sababu kwa watoto wengi hiyo ndiyo mara pekee katika mwaka mzima mtu anayeijua kazi, asiye mwalimu wao, anawaambia ukweli kuhusu sanaa yao.

Nakumbuka msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyeghani shairi alilolitunga mwenyewe. Ubeti wa kwanza ulianza hivi: "Mama akiniamsha, jua bado kuchomoza." Mizani, yaani silabi, 8 kwa 8, hakuna aliyekosea hesabu. Lakini alikuwa anaukimbia mshororo mzima kwa pumzi moja, mikono ikipanda na kushuka kama aliyefundishwa mazoezi ya gwaride. Nilipopata nafasi nilimwambia jambo moja tu: ukifika mwisho wa ukwapi, ile nusu ya kwanza ya mshororo, nyamaza. Mama ameshakuamsha, bado uko kitandani, gizani; mpe msikilizaji muda wa kuliona giza hilo kabla hujataja jua. Alijaribu palepale, mikono imetulia ubavuni. Ukumbi ulinyamaza. Siku hiyo alikuwa wa nne, na sidhani kama nambari hiyo ilimkera sana.

Shule ambayo basi lake lilikuwa limeshaondoka ilipata nambari ya pili.

Lipo jambo jingine ambalo walimu wenzangu hawalipendi nikilisema: wakufunzi wa kukodi. Sina ugomvi nao, wengine ni mafundi wa kweli na wanalipwa jasho lao. Shida huja pale mkufunzi anapofika na wimbo ulioiva, miondoko iliyoiva, hata tabasamu limeshapangwa mahali pake. Wakati mmoja niliuliza kundi lililocheza ngoma ya arusi kwa ustadi mkubwa: hapa bibi arusi yuko wapi, na kwa nini mnampa mgongo? Walitazamana. Hawakujua kama walikuwa arusini. Wimbo wa kiasili una mtu wa kuuanzisha, wa kuuitikia, saa yake ya kuimbwa, na pengine watu wasioruhusiwa kuuimba kabisa. Nauli ya mkufunzi ingetosha kuwapeleka wanafunzi watatu kwa nyanya mmoja kijijini, wakiwa na simu ya kurekodia na maswali manne: nani anauanzisha, nani anauitikia, unaimbwa lini, na nani haruhusiwi kuuimba.

Wazazi nao huuliza kama mazoezi hayataangusha alama. Yakivuka mpaka, yataangusha. Mwalimu anayewatoa watoto darasani wiki tatu mfululizo hana wa kumtetea. Ila tusisahau kwamba muziki wenyewe ni somo la KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, na una mtihani wa vitendo. Na tangu Januari 2026, Gredi ya 10 ilipoanza chini ya mtaala mpya, mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mmoja kati ya mitatu ambayo mwanafunzi anaweza kuufuata. Mtoto atauchaguaje kama hajawahi kusimama mbele ya watu akasikia kinachomfaa na kinachompungukia?

(Wachoraji tumewasahau, na hili ni deni letu sote. Mtoto wa penseli hana jukwaa la kupandia, hivyo picha yake huishia kubandikwa ofisini mpaka jua liipaushe. Hata maonyesho ya ukutani siku ya wazazi, yenye mtu wa kuzipitia picha moja moja na kusema neno, yangemfaa.)

Shule isiyo na nauli, maleba wala ngoma ya kukodi haijafungiwa mlango. Anzeni bweni kwa bweni, au darasa kwa darasa ikiwa ni shule ya kutwa, Ijumaa baada ya masomo. Chagueni aina moja tu, tuseme ngano, yaani hadithi za kimapokeo, maana ngano haina gharama: fanani (msimulizi), hadhira, na "Paukwa!" ya kuanzia. Jukwaa lichorwe kwa chokaa uwanjani. Mwamuzi asiwe mwalimu wao wa darasa. Aombwe mwalimu wa Kiswahili wa shule jirani, au mzee wa mtaani anayesifika kwa hadithi, aandike sentensi tatu kwa kila msimulizi: nini kimemshika, wapi amepotea njia, afanye nini wiki ijayo. Azisome kwa sauti, wasimulizi wote wakiwa wameketi. Nambari atangaze baadaye. Ikitangulia, nani atabaki kusikiliza?